Tekomaria: Kichaka cha Uzio Kitokacho Kusini

Katika nchi jirani ya Msumbiji, na mbele zaidi katika Eswatini na Afrika Kusini, humea porini kichaka chenye maua ya rangi ya machungwa kiitwacho tekomaria. Ndugu yake wa karibu huonekana Malawi, Zambia na hata Tanzania. Waingereza hukiita kwa jina la lonisera, mmea wa kwao wenye maua ya asali, ingawa mimea hiyo miwili si ya ukoo mmoja. Mtaalamu wa Sweden, Thunberg, alikieleza kitabuni mwaka 1800.

Kichaka hiki hupendwa kuzungushiwa nyumba na ofisi. Hata hivyo, yafaa kitambuliwe vyema, kwa kuwa vichaka vya uzio havilingani kwa usalama. Oleanda, ambayo nayo hupandwa kwa uzuri wake, ina sumu katika kila sehemu yake, na watoto wa kambini hutafuna chochote wakipatacho mchezoni. Jani la oleanda ni refu, jembamba, lenye kingo laini, na aghalabu majani hutoka matatu pamoja. Jani la tekomaria limegawanyika vijani kadhaa, aghalabu vitano hadi tisa, vyenye menomeno ukingoni. Ua lake ni mrija uliopinda kidogo, na nyuzi nne za chavua hujitokeza nje. Ndege aitwaye chozi hulifuata kwa ajili ya asali yake.

Kukipanda si kazi ngumu. Vipande vya matawi vya sentimita 15 hivi huchomekwa katika udongo usiotuamisha maji, mwanzoni mwa mvua, na miche huhamishiwa mahali penye jua. Kikishashika, huvumilia ukame. Kikiachwa, hufikia mita 2 hadi 3, na matawi yanayogusa ardhi hutoa mizizi mipya. Kwa tabia hiyo kimegeuka gugu katika visiwa vya Azores na New Zealand.

Kwa mlinzi jambo hili ni zito. Tekomaria haina miiba. Haimzuii mwizi kupita, bali ikirefuka humficha. Kwa hiyo, karibu na lango na kibanda cha zamu hapana budi isivuke kiuno cha mtu, na machipukizi ya pembeni yang'olewe mapema. Wakati mwema wa kuikata ni maua yanapopungua. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.