Mwenzako wa Ndoa na Ugonjwa wa Kupanda na Kushuka

Bwana mmoja alifika kwa lopitali asubuhi mapema. Akaketi kwenye benchi mpaka wagonjwa wote walipokwisha kutazamwa. Kisha akaniambia kwa sauti ndogo: "Munganga, ninataka kumrudisha bibi yangu kwao. Huyu si mwanamke niliyemwoa."

Akaeleza habari yote. Bibi yake alikuwa akiuza vitenge sokoni, mtu wa kazi na wa adabu. Mara akaanza kukosa usingizi. Kwa muda wa siku tisa alilala saa moja au mbili tu kila usiku, lakini hakuchoka. Aliimba usiku. Alisema haraka sana, watu hawakuweza kufuata maneno yake. Aligawa vitenge bure. Alimtaka bwana wake usiku na mchana, hata akamfuata shambani. Bwana alipokataa, alimtukana mbele ya watoto. Usiku mmoja akaenda kulala kwa mwanaume mwingine. Baada ya majuma machache akaanguka upande wa pili. Miezi mitatu aligeuza uso ukutani. Bwana akimgusa mkono, yeye alilia tu. Wazee wa kanisa walisema ni dhambi, atengwe. Jamaa ya bwana walitaka mahari irudishwe.

Ndugu msomaji, labda nyumba yako nayo iko hivi, na haujamwambia mtu, maana mambo ya kitanda yanaleta haya. Basi soma, wewe mume au mke wa mgonjwa.

Ugonjwa huu ni nini?

Wanganga wanauita bipolari. Ni ugonjwa wa ubongo. Unashika wanaume na wanawake, na mara nyingi unaanza katika ujana. Mara nyingi unaonekana tena katika jamaa moja. Hauambukizwi kwa kula pamoja wala kwa kulala pamoja.

Una nyakati mbili. Wakati wa kupanda, mgonjwa hana usingizi, anasema sana, anatupa feza, anajiona mkubwa, anakasirika upesi. Wakati wa kushuka, hana nguvu, hana furaha, pengine anatamani kufa. Katikati ya nyakati hizi kuna wakati wa utulivu, na hapo unamwona tena mwenzako kama ulivyomjua.

Kwa nini kitanda kinageuka?

Wakati wa kupanda, tamaa ya mwili inaongezeka kama moto wakati wa upepo. Akili inayomwambia mtu "hapa kuna hatari" imelala. Wakati wa kushuka, tamaa inakufa pamoja na hamu ya chakula. Hakuacha kukupenda. Hana nguvu hata ya kujipenda mwenyewe.

Tena dawa zenyewe zinaweza kupunguza tamaa. Dawa kama haloperidoli inaweza kuzuia nguvu za mwanaume. Kwa mwanamke inaweza kukatisha damu ya mwezi na kuleta maziwa bila mimba. Watu wengi wakiona hivyo wanafikiri wamelogwa, wanatupa dawa, na ugonjwa unarudi kwa nguvu. Usitupe dawa. Mwambie munganga wazi, bila haya. Anaweza kupunguza kipimo au kubadili dawa.

Basi neno kubwa la mafundisho haya ni hili: usipime upendo wa mwenzako kwa siku za ugonjwa wake.

Ufanye nini wakati wa kupanda?

Kwanza, tafuta msaada upesi. Usiku mmoja au mbili bila usingizi na bila uchovu ni alama ya kwanza. Usingoje siku tisa.

Pili, fanya nyumba iwe tulivu: watu wachache, kelele kidogo, hakuna pombe, na usiku giza. Usibishane naye.

Tatu, akikutaka mara nyingi kupita kiasi, unaweza kukataa kwa upole: "Ninakupenda, lakini leo tupumzike." Lala chumba kingine kama inafaa. Na wewe mama ambaye bwana wako ni mgonjwa, usifikiri kwamba ndoa inakulazimisha kukubali kwa nguvu au kwa hofu. Akikutisha au akikupiga, ondoka na watoto, uende kwa jirani au kwa jamaa, ukaite watu wa kumpeleka kwa lopitali. Huko si kumwacha. Ni kumzuia asitende jambo atakalolilia kesho.

Usikubali mgonjwa afungwe kamba katika chumba cha maombi, wala anyimwe chakula na dawa. Tuombe, na dawa anywe. Eliya alipochoka akaomba kufa, Mungu alimpa kwanza usingizi na chakula.

Kama amelala na mtu mwingine

Hili linauma sana, nami sitasema haliumi. Lakini tazama: mtoto mwenye malaria ya kichwa akitukana baba yake, nani atamchapa? Mgonjwa wa kupanda naye hakuwa na akili yake kamili. Wazee, msihukumu kabla ya kuuliza munganga. Na wewe uliyeumizwa, haulazimishwi kusamehe kwa siku moja. Zungumza na mtu mmoja mwenye siri.

Nyote wawili mpimwe SIDA na kaswende. Tumieni mpira mpaka munganga aseme mmekuwa salama. Kama jambo limetokea sasa hivi, kuna dawa za kuzuia SIDA, lakini lazima zianze kabla ya masaa 72 kupita. Kwa hiyo njooni siku ile ile.

Ufanye nini wakati wa kushuka?

Usiombe kitanda, na usinune. Keti karibu naye. Mshike mkono bila kutaka kitu kingine. Mwambie mbele: "Ninakugusa tu, sitaki zaidi." Mletee maji ya kuoga na chakula kidogo. Tembea naye kidogo asubuhi. Mapendo ya namna hii yanalinda ndoa mpaka tamaa irudi yenyewe.

Muulize wazi kama anafikiri kujiua. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake, ondoa kamba, visu na dawa ya wadudu, mlete kwa lopitali.

Usinunue dawa za huzuni sokoni. Zikitumiwa peke yake, zinaweza kumpandisha tena.

Mambo ya dawa

Mwaka 1949 munganga John Cade wa Australia alionyesha kwamba chumvi ya litiumu inatuliza wagonjwa wa kupanda. Mpaka leo litiumu ni dawa yenye nguvu, na inapunguza vifo vya kujiua. Lakini kipimo kikizidi kidogo kinadhuru. Lazima damu ipimwe. Mgonjwa anywe maji ya kutosha, wala asiache chumvi ghafula. Asinywe ibuprofeni au diklofenaki bila ruhusa ya munganga. Akiharisha, akitapika, akitetemeka sana au akiyumba kama mlevi, mlete mbio.

Dawa nyingine ni zile zinazotumika pia kwa kifafa. Valproati inaharibu mtoto tumboni, mgongo wake na akili yake. Mwanamke anayeweza kuzaa asipewe bila munganga kutafuta kwanza dawa nyingine. Karbamazepini inapunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi na ya kijiti cha mkononi. Mkitaka mtoto, semeni mbele ya mimba, wala msiache dawa ninyi wenyewe. Majuma ya kwanza baada ya kuzaa ni ya hatari kwa mama mwenye ugonjwa huu. Mtu mwingine aamke na mtoto usiku, ili mama alale.

Pataneni wakati wa utulivu

Usingoje moto uwake ndipo utafute maji. Siku mwenzako ni mzima, kaeni wawili, mwandike kwenye karatasi:

1. Alama zake za kwanza ni zipi?
2. Tutamwita nani?
3. Nani atashika feza wakati wa kupanda?
4. Tutalala namna gani siku zile, na neno gani litakuwa kikomo chetu?
5. Nani atakumbusha dawa?

Yeye mwenyewe aseme. Mgonjwa si mtoto. Ni mwenzako.

Na wewe unayemtunza, ule, ulale, upate mtu wa kukusikiliza. Hauwezi kuwa munganga wa bibi yako au wa bwana wako. Uwe mwenzake. Kazi ya dawa utuachie. Uliza kituo chako cha afya. Bukavu kuna SOSAME, na Goma kuna Tulizo Letu, ambako wanatunza magonjwa ya namna hii.

Yule bwana hakumrudisha bibi yake. Tuliita wazee, tukawaeleza ugonjwa, wakanyamaza, kisha wakaenda kumsalimu mgonjwa. Alianza dawa. Mwaka uliofuata akapanda tena. Lakini safari hii bwana alisoma karatasi yao, akamleta kwa usiku wa pili. Siku chache baadaye alirudi nyumbani. Bwana akaniambia: "Bado tunajifunza. Lakini sasa ninajua nani ninayelala naye, na ugonjwa ni nini."

Kama nyumba yako ina shida hii, njoo. Njooni wawili, kama inawezekana. Kama mwenzako anakataa, njoo peke yako kwanza.