LAND ROVER KUUKUU YA KIKUNDI: TUANZIE WAPI KUIFUFUA?

Katika vikundi tunavyovitembelea, swali hili linarudi mara kwa mara: "Kuna Land Rover ya zamani imesimama miaka mingi. Mwenyewe yuko tayari kutuachia kwa bei nafuu. Je, tuichukue? Itatusaidia kubeba mahindi na kukimbiza wagonjwa hospitali."

Swali ni zuri. Lakini vikundi vingi huanzia mahali pasipofaa. Wananunua betri mpya, wanapaka rangi, na pesa zikishakwisha ndipo wanagundua kwamba chini kumeoza. Pesa hizo ni za mama aliyeuza mayai na mzee aliyeuza mbuzi. Tusizimwage bure.

Jibu letu ni fupi: anzeni na chesisi, kisha breki, injini iwe ya tatu. Rangi ni ya mwisho kabisa.

LIJUENI GARI LENYEWE

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam, Uholanzi, mwezi wa Aprili 1948. Aina ya Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na ndiyo tunayoizungumzia hapa, ile ya petroli yenye silinda nne, lita 2.25. Ya dizeli haina plagi wala pointi, kwa hiyo sehemu ya moto haiihusu, lakini mambo ya chesisi na breki ni yale yale.

Bodi yake ni ya alumini, haishiki kutu kama bati. Hapo ndipo watu hudanganyika. Bodi inang'aa, lakini chesisi ni ya chuma, tena ina uwazi ndani. Maji na matope huingia humo na kuila kutoka ndani kwenda nje.

HATUA YA KWANZA: CHESISI

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, chukueni nyundo ndogo na bisibisi. Lazeni gunia chini, mtu aingie chini ya gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake yote. Gongeni chesisi pole pole kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti iliyokufa, na bisibisi huzama.

Angalieni zaidi mahali hapa:
- Boriti ya nyuma kabisa, pale gari linapovutia trela.
- Mikono ya pembeni inayobeba bodi.
- Pale springi zinaposhikwa na chesisi.
- Ukuta wa chuma kati ya injini na dereva, hasa chini karibu na miguu.

Tundu moja au mawili, fundi hodari wa kuchomelea anaweza kukata sehemu mbovu na kutia chuma kipya. Lakini pale springi zinaposhikwa pakiwa pameoza pande zote, tunawashauri mshukuru mwenyewe na kwenda zenu. Msikubali kiraka cha bati jembamba kilichopakwa lami juu. Kinaficha ugonjwa, hakiuponyi.

Siku hiyo hiyo ulizeni karatasi za umiliki na mhakikishe katika NTSA kwamba anayeuza ndiye mwenye gari.

HATUA YA PILI: BREKI

Mnaweza kushangaa kwa nini hatuanzi na injini. Gari lisilowaka halimuui mtu. Gari linalowaka bila breki huua.

Kumbukeni jambo moja la Land Rover hii: breki ya mkono haishiki magurudumu, inashika shafti inayotoka nyuma ya giaboksi. Kwa hiyo mkiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, gari linaweza kuserereka hata kama breki ya mkono imevutwa. Wekeni mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yaliyo chini, na msiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Wekeni na gogo imara.

Fungueni ngoma za breki. Vumbi la ndani msilipulize kwa mdomo wala kwa pampu, kwa sababu viatu vya breki vya zamani vilitiwa asbestosi, nayo huharibu mapafu. Pangusieni kitambaa kilicholowa maji. Kagueni silinda ndogo za magurudumu kama zinavuja, na mipira inayopitisha mafuta kama imepasuka.

Toeni mafuta yote ya zamani ya breki, maana hunyonya maji kadiri yanavyokaa. Tieni mapya yaliyoandikwa DOT 3 au DOT 4. Oili ya injini hairuhusiwi hata tone. Inavimbisha mipira, na breki zinakwisha. Halafu toeni hewa, mkianza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Pedeli ikizama kama sifongo, bado kuna hewa.

HATUA YA TATU: INJINI

Injini iliyolala miaka msiiamshe kwa nguvu. Toeni plagi zote nne, mtie kijiko kimoja cha oili safi katika kila silinda, mwache usiku kucha. Asubuhi weka gia huru, uzungushe injini kwa hendeli ya mbele. Kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine, kisizunguke hendeli. Injini ikirudi nyuma inaweza kukuvunja mkono.

Ikizunguka vizuri, badilisheni oili, mwageni petroli ya zamani, mjaze maji kwenye rejeta. Baada ya hapo, gari likikataa kuwaka, msianze kubadilisha vipuri ovyo. Jiulizeni maswali mawili tu:

1. Je, kuna moto? Safisheni pointi kwa msasa laini na mpime mwanya wake kwa fila geji: uwe milimita 0.35 hadi 0.40. Mwanya wa plagi uwe 0.75 hadi 0.80. Rudisheni plagi tatu mahali pake. Ya nne iunganisheni na waya wake, muishike kwa plaisi yenye mpira, igusane na chuma cha injini, mbali na petroli. Cheche ya buluu yenye nguvu ni nzuri. Ikiwa nyekundu na hafifu, au hakuna, angalieni betri, pointi, kondensa na koili, kwa mpango huo.

2. Je, kuna mafuta? Fungueni paipu inayoingia kwenye kabureta, muielekeze kwenye chupa. Pigeni pampu kwa kile kiwiko chake cha mkono. Petroli iruke kwa mapigo. Isipotoka, kagueni tanki, chujio, na mpira wa ndani ya pampu.

Moto upo na mafuta yapo, lakini haiwaki? Angalieni mpangilio wa waya za plagi: 1, 3, 4, 2. Kisha pimeni tapeti, ziwe milimita 0.25 zote. Hizi zipimwe mara kwa mara, kwa sababu injini hizi zilitengenezwa zamani za petroli yenye risasi, ambayo iliondolewa Kenya mwaka 2006. Bila risasi, vikalio vya valvu vinaweza kulika na mwanya wa tapeti ukapungua hadi nguvu zipotee.

Na kama injini inanguruma, umeweka gia, na gari haliendi, mara nyingi hafu shafti ya nyuma imekatika. Mkitia gia ya magurudumu manne, lile la mbele linaweza kuwavuta hadi nyumbani. Mwende pole pole.

SHERIA MOJA YA KAZI

Badilisheni kitu kimoja, mjaribu, muandike katika daftari. Mkibadilisha vitu vitatu kwa pamoja, hamtajua kipi kilikuwa kibovu, na viwili huenda mmevinunua bure. Daftari hilo hilo liwe na risiti zote, lisomwe mbele ya wanachama kila mkutano.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Gari hili litafanya kazi gani kila wiki, na nani atalipia petroli na bima?
2. Tukifikia kiasi gani cha pesa tutasema basi, tuache?
3. Ni nani kati yetu atakayejifunza breki vizuri, na nani atakuwa na uwezo wa kusema, "Leo gari haliendi," hata mwenyekiti akiwa na haraka?

Swali la tatu lijibuni kabla ya gari kutoka uani.