Jeraha la Kijana Lilianzia Wapi?

Usiku wa sikukuu sisi wauguzi wa zamu twajua kwamba tutashona. Huletwa vijana wa miaka 16 au 17 wenye majeraha ya panga, kisu au chupa. Mwaka 2015, na tena mwaka 2022, Dar es Salaam ilitishwa na vikundi vya vijana walioitwa Panya Road. Lakini vijijini nako twawashona.

Watu huuliza vijana hawa wametoka wapi. Wametoka majumbani mwetu. Uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walitendewa ukatili wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18. Ndiyo sababu twawaomba mtazame mapema.

Mtoto aletwapo, huenda tukaambiwa ameanguka mtini. Anayeanguka huumia zaidi magoti, viwiko na kipaji cha uso. Tukikuta alama mgongoni na nyuma ya mapaja, nyingine mpya, nyingine za zamani, twauliza tena, taratibu. Mwingine hana jeraha lolote, ila ameanza upya kukojoa kitandani akiwa na miaka 9, au anamkimbia mtu mmoja tu wa nyumbani. Mama naye tusimhukumu haraka, maana mara nyingi naye anapigwa. Pengine mlezi ni bibi mwenye wajukuu watano na hana msaada. (Mabibi hawa ni wengi kuliko mnavyodhani.)

Mtoto akinajisiwa, msimwogeshe wala msifue nguo zake. Mleteni siku ile ile, kwa kuwa dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI lazima ianzwe kabla ya saa 72 kupita. Fomu ya polisi, PF3, yahitajika kwa kesi, lakini aliye hali mbaya aletwe kwanza hospitali. Wala msikubali mbuzi wa kumaliza maneno nyumbani.

Katika Jumuiya, nyumba yenye njaa au ulevi itembeleeni kabla polisi hawajafika: debe la mahindi, daftari, au mtu wa kukaa na watoto mama aendapo kliniki. Kijana aliyeacha shule atafutiwe fundi wa kumfundisha kazi. Mambo yakizidi, mwoneni Ofisa Ustawi wa Jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto kituoni polisi. Simu 116 ni ya bure, na mtoto mwenyewe aweza kuipiga.