Mpanda baiskeli, tazama goti na kidonda chako

Wengi wanaopanda vilima vya Madale kwa baiskeli hulalamikia magoti, wakadhani ni uzee. Mara nyingi sababu ni kiti kilichoshushwa mno. Kaa kitini, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa: mguu unyooke. Usiponyooka, pandisha kiti. Mwenye kanzu aikunje. Mnyororo hauchagui vazi.

La hatari zaidi ni mchubuko. Vijidudu vya pepopunda hukaa udongoni, na maradhi hayo huua. Ukianguka, osha kidonda kwa sabuni na maji safi yanayotiririka mpaka mchanga utoke wote. Majivu na mafuta ya taa si dawa. Kama chanjo yako ya pepopunda imepita miaka 5, au huikumbuki, nenda zahanati siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo.