Muulize Aliyetumwa Kahawa

Ukitaka kujua vile tamthilia za muziki za Broadway, New York, zilitengenezwa, usikimbilie kitabu cha staa. Staa hukumbuka makofi. Tafuta mtu aliyekuwa akiandika siku ile ile.

Anza na Everything Was Possible cha Ted Chapin. Mwaka 1971 alikuwa mwanafunzi wa chuo, akitumwa kahawa na kupiga chapa upya kurasa za Follies, kazi ya Stephen Sondheim, kila zikibadilishwa. Chuo kilimhesabia hiyo kama masomo, bora tu aandike shajara. (Mimi niliacha chuo. Dili kama hiyo singeikataa.) Kitabu kilitoka 2003, lakini shajara ni ya wakati ule, kwa hivyo unaona watu wakihangaika bila kujua mambo yataishia wapi. Wakiwa bado kwa majaribio Boston, wimbo mmoja unatupwa, "I'm Still Here" unaandikwa haraka na kuingizwa. Follies ilionyeshwa mara 522 na bado ikapata hasara.

Kisha soma Finishing the Hat cha 2010, Sondheim akijikosoa mwenyewe bila huruma. Wakipingana kuhusu siku fulani, mimi niko na kijana wa kahawa.