Starehe Chini ya Ardhi: Maji, Mvuke na Gesi Katika Sardabu

Katika miji mingi ya Kanada na ya kaskazini mwa Marekani, chini ya sakafu ya sebule huwa mna chumba kingine kikubwa kilichozama ardhini. Kwa Kiswahili chumba cha namna hiyo huitwa sardabu. Zamani ndimo lilimowekwa tanuri la kupashia nyumba joto, pamoja na shehena ya makaa ya mawe ya kulilisha tanuri hilo wakati wote wa baridi. Matanuri ya mafuta na ya gesi yalipochukua nafasi ya makaa katikati ya karne ya 20, sehemu kubwa ya sardabu ilibaki tupu, na familia nyingi zikaanza kuigeuza kuwa ukumbi wa starehe: mahali pa watoto kuchezea, pa kupigia muziki, pa kuwekea meza ya biliadi, na siku hizi pa kutazamia filamu.

Kazi hiyo huonekana nyepesi. Kuta zipo, sakafu ipo, dari ipo. Kilichobaki, mwenye nyumba hudhani, ni mbao, rangi, zulia na viti. Dhana hiyo ndiyo chanzo cha hasara nyingi, na mara nyingine chanzo cha msiba. Sardabu ni mfano wa sanduku la zege lililotumbukizwa katika udongo wenye maji, baridi na gesi zake. Neno lenyewe linakumbusha jambo hilo, kwani asili yake ni Kiajemi na ndani yake mna maneno mawili: baridi na maji. Katika nchi za joto kama Iran na Iraki, watu walijenga sardabu ili wakimbilie ubaridi wakati wa kiangazi. Katika nchi za theluji ubaridi huo huo huwa adui wa mjenzi.

Kwa nini nyumba huchimbiwa chini

Maji yanapoganda huongezeka ukubwa kwa asilimia 9 hivi. Udongo wenye maji ukiganda chini ya msingi, barafu huuinua msingi huo kwa nguvu. Barafu ikiyeyuka, msingi hushuka, na kuta hupasuka. Kwa hiyo msingi hauna budi kufika chini kuliko pale baridi inapoishia. Mjini Toronto kina hicho ni kama mita 1.2, na kaskazini zaidi huwa kirefu kuliko hapo. Kwa kuwa handaki la msingi lazima lichimbwe, wajenzi waliona ni faida kuongeza kina kidogo na kupata chumba kizima.

Chini huko halijoto ya udongo hupanda na kushuka polepole, tena huchelewa nyuma ya majira. Mwanzoni mwa kiangazi, hewa ya nje inapokuwa imekwisha kupata joto, ukuta wa sardabu bado una ubaridi wa majira yaliyopita. Jambo hili lina matokeo makubwa, kama itakavyoonekana.

Maji yanayosukuma na maji yanayopanda

Mvua ya milimita 25 ikinyesha juu ya paa lenye eneo la mita za mraba 100, humwaga lita 2,500 za maji. Yakiachwa yaanguke kando ya ukuta, maji hayo hushuka moja kwa moja hadi kwenye msingi. Udongo ukishiba maji, kanieneo huongezeka kadiri kina kinavyoongezeka. Katika kina cha mita 2, maji husukuma kila mita ya mraba ya ukuta kwa kani inayolingana na uzito wa tani 2. Hakuna rangi ya kupaka kwa ndani itakayoshindana na kani hiyo kwa muda mrefu. Maji yataingia katika kila ufa.

Kinga ya kwanza, basi, hufanywa nje ya nyumba. Michirizi ya paa hupeleka maji mbali, na ardhi huinamishwa ili katika mita 3 za kwanza kutoka ukutani ishuke kwa sentimita 15. Chini kabisa, kando ya msingi, hulazwa mabomba yenye matundu yaliyofunikwa kwa kokoto. Maji huyaingia na kwenda kwenye shimo lenye pampu. Kwa kuwa dhoruba iletayo mvua kubwa mara nyingi hukata umeme pia, pampu huwekewa betri ya akiba.

Lakini yapo maji yasiyohitaji ufa. Zege ina vinyweleo vyembamba mno, na maji hupanda ndani yake kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi. Sakafu inaweza kuonekana kavu kwa sababu unyevu wake huruka hewani upesi kama ufikavyo juu. Ikitandikwa zulia, unyevu hukosa njia ya kutokea, na zulia huanza kuoza kwa chini.

Ukuta unaotoa jasho

Bilauri ya maji baridi ikiwekwa mezani Dar es Salaam au Mombasa, baada ya dakika chache hulowa kwa nje. Maji hayo hayakupenya katika kioo; yametoka hewani. Hewa ya joto hubeba mvuke mwingi, na inapogusa kitu cha baridi hulazimika kuutua mzigo wake.

Sardabu ni bilauri hiyo iliyogeuzwa. Chukua hewa yenye joto la nyuzi 27 za Sentigredi na unyevu wa asilimia 70, kama inavyopatikana mara nyingi wakati wa kiangazi katika miji ya mashariki mwa Marekani. Hewa hiyo huanza kutoa umande inapopozwa hadi nyuzi 21. Ikiwa ukuta wa sardabu una nyuzi 16, utalowa. Ndiyo maana mtu anayefungua madirisha wakati wa kiangazi ili akaushe sardabu yake huwa anailetea maji zaidi.

Kosa lililozoeleka ni kusimamisha fremu ya mbao mbele ya zege, kuijaza pamba ya kioo, kisha kuifunika kwa bodi. Pamba hiyo huzuia joto la chumba lisiufikie ukuta, hivyo ukuta huzidi kuwa baridi. Lakini haizuii hewa. Mvuke hupita katikati ya pamba, hugusa zege na kuwa maji mahali pasipoonekana. Mbao hulowa, kuvu humea, na mwenye nyumba hutambua miezi mingi baadaye, kwa harufu. Waswahili husema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Njia iliyo bora ni kugandisha kwanza mabamba magumu ya povu la plastiki juu ya zege yenyewe, na kuziba viungo vyote ili hewa ya chumba isiufikie ukuta. Baadaye ndipo fremu husimamishwa. Wakati wa kiangazi mashine ya kukausha hewa huendeshwa ili unyevu usizidi asilimia 60. Asilimia 50 ni bora zaidi.

Gesi isiyo na rangi wala harufu

Mwezi Desemba 1984, mhandisi mmoja wa kituo cha umeme wa nyuklia cha Limerick, katika jimbo la Pennsylvania, alikuwa akiviliza ving'ora vya kupimia mnururisho. La ajabu ni kwamba vililia hata alipokuwa akiingia kazini. Wataalamu walikwenda kupima nyumba yake, wakakuta hewa ya ndani ina radoni kiasi cha pikokuri 2,700 hivi kwa lita. Kiwango ambacho serikali ya Marekani ilikuja kushauri kwamba kikifikiwa nyumba irekebishwe ni pikokuri 4. Familia yake ilihama mpaka nyumba iliporekebishwa, na tangu hapo Wamarekani wengi walianza kutambua hatari iliyo chini ya sakafu zao.

Radoni huzaliwa na uraniamu iliyomo kwa kiasi kidogo katika miamba na udongo. Atomu za uraniamu huvunjika hatua kwa hatua, huwa radiamu, na radiamu huwa radoni. Kwa kuwa radoni ni gesi, huweza kusafiri katika nafasi za udongo. Kila baada ya siku 3.8 nusu ya radoni iliyopo huwa imevunjika, na mazao yake hushika vumbi, huvutwa mapafuni na kurusha humo chembe za alfa. Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani hukadiria kwamba radoni husababisha vifo 21,000 hivi vya kansa ya mapafu kila mwaka nchini humo. Ni ya pili baada ya sigara.

Nyumba yenyewe huivuta gesi hiyo. Wakati wa baridi hewa ya ndani yenye joto hupanda na kutokea juu, kama moshi katika dohani. Nafasi yake huzibwa na hewa inayonyonywa kutoka chini, ikiwa ni pamoja na ile ya udongoni. Sardabu ndiyo hupokea kwanza. Hapa ndipo palipo na uzito wa jambo lenyewe. Sardabu ikiwa ghala, mtu huingia kwa dakika chache na kutoka. Ikigeuzwa ukumbi wa starehe, watoto hukaa humo jioni baada ya jioni, mwaka baada ya mwaka. Gesi haikuongezeka, kilichoongezeka ni saa za kuivuta.

Dawa yake si ghali ikilinganishwa na ujenzi wenyewe. Hewa hupimwa kwanza kwa kifaa kidogo. Nchini Kanada hushauriwa kipimo kikae kwa miezi 3 au zaidi. Kiwango kikiwa kikubwa, sakafu hutobolewa, bomba husimamishwa hadi juu ya paa, na feni huinyonya gesi chini ya zege kabla haijaingia ndani. Kazi hiyo ni rahisi zaidi ikifanywa kabla ya kutandika zulia.

Ipo gesi nyingine ya kuogopwa. Tanuri na hita ya maji mara nyingi zimo humo humo katika sardabu. Zikifungiwa katika kabati lisilo na hewa ya kutosha, moto wake huweza kutoa kaboni monoksaidi, gesi ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa.

Moto, mafuriko na njia ya kutokea

Bodi zinazofunika kuta na dari kwa kawaida ni za jasi. Madini haya yana maji ndani ya fuwele zake, kiasi cha asilimia 21 ya uzito wake. Moto ukizuka, joto hutumika kwanza kuyafukuza maji hayo, na upande wa pili wa bodi huchelewa kupata moto. Dakika zinazopatikana hivyo ni za kukimbilia, nazo hazina faida pasipo njia. Sheria ya mfano ya ujenzi inayofuatwa katika sehemu nyingi za Marekani hudai dirisha la kutokea ambalo uwazi wake haupungui mita za mraba 0.53, na ambalo kizingiti chake hakizidi sentimita 112 kutoka sakafuni.

Mafuriko ni jambo jingine. Usiku wa tarehe 1 Septemba 2021, mabaki ya kimbunga Ida yalileta New York mvua ya milimita 80 katika saa moja. Watu 13 walikufa mjini humo, na 11 kati yao walikuwa katika sardabu. Hesabu ndogo yaeleza sababu mojawapo. Mlango wenye upana wa sentimita 80, ukiwa na maji ya kina cha mita 1 upande mmoja tu, hubanwa kwa kani inayolingana na uzito wa kilo 400. Mtu mmoja hawezi kuusukuma. Mahali penye hatari ya mafuriko, sardabu haifai kulaliwa, na mvua kubwa ikianza hupasa kutoka mapema.

Mwisho ndipo starehe

Baada ya hayo yote ndipo mjenzi hufikiria muziki. Hata hapo fizikia haimwachi. Katika chumba chenye urefu wa mita 4.3, sauti ya mitetemo 40 kwa sekunde hurudishwa na kuta mbili zinazotazamana hata ikajiongeza yenyewe; ngoma nzito husikika mno penye kuta na hupotea katikati ya chumba. Kiti cha msikilizaji husogezwa kwa sababu hiyo.

Utaratibu wa kazi, kwa ufupi, ni huu: maji ya nje, unyevu wa zege, kipimo cha gesi, njia ya kutokea, na mwisho mapambo. Anayeanza na mapambo hulazimika kuyabomoa ili afikie yale aliyoyaruka.

Jaribio la darasani

Chagua darasa ambalo sakafu yake ya zege iko juu ya ardhi moja kwa moja. Bandika karatasi ya plastiki angavu yenye upana wa sentimita 45 kila upande, na uzibe kingo zote nne kwa utepe. Iache kwa siku moja. Matone yakionekana chini ya plastiki, unyevu umetoka ardhini. Yakionekana juu yake, umetoka hewani.

Maswali

1. Kwa nini kufungua madirisha ya sardabu wakati wa baridi kali huikausha, ilhali wakati wa kiangazi huilowesha?
2. Ikiwa radoni haizalishwi tena katika chupa iliyofungwa, ni sehemu gani ya gesi hiyo itabaki baada ya siku 11.4?