Mkulima hana barua ya kustaafu

MTUMISHI wa umma nchini Tanzania anaijua siku yake. Akifika miaka 55 anaweza kustaafu kwa hiari, na kwa walio wengi miaka 60 ni lazima. Huandikiwa barua, huagwa na wenzake, na kiti chake hupata mtu mwingine.

Mkulima haandikiwi barua. Hushika jembe mpaka mgongo ukatae, na mara nyingi hapo ndipo familia inapoanza kuulizana shamba ni la nani.

Nimeliona jambo hili nyumbani kwetu Kilimanjaro. Baba ana miaka 71 na bado alfajiri humkuta kwenye mibuni. Mimi niliyesomea uchumi wa kilimo nilimwambia apumzike. Akaniuliza: “Mwanangu, nikipumzika, pensheni yangu nitaifuata dirisha gani?”

Sikuwa na jibu. Pensheni hutokana na michango. NSSF inapokea pia waliojiajiri, lakini anayetaka pensheni ya kila mwezi anatakiwa awe amechangia angalau miezi 180, yaani miaka 15. Kwa baba muda umepita. Kwa msomaji mwenye miaka 40, bado upo. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa wazee wote wenye miaka 70 na zaidi, kwa kuanzia Sh20,000 kwa mwezi. Ni msaada wa sukari na sabuni, lakini hautoshi kuendesha nyumba.

Kwa hiyo mzee kuendelea kufanya kazi si kosa. Tatizo ni kwamba mibuni nayo inazeeka pamoja naye.

Hesabu ni hii. Mche mpya wa kahawa huchukua takriban miaka mitatu kuanza kuzaa. Mbuni mkongwe ukikatwa ili utoe machipukizi, mwenye shamba hukosa mavuno msimu mmoja au miwili. Mzee wa miaka 71 haoni sababu ya kupoteza misimu hiyo. Kijana wa miaka 30 anaweza kusubiri, lakini shamba si lake. Matokeo yake hakuna anayekata wala anayepanda, ingawa taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, iliyoanzishwa mwaka 2001 na yenye makao yake Lyamungu, imetoa aina zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani.

Ushauri wangu ni kustaafu kwa mafungu.

Kwanza, mzee atenge robo ya shamba na kumkabidhi mtoto anayelima kweli. Mtoto huyo apande, apalilie, auze na fedha azishike mwenyewe. Anayelima bila kushika fedha ni kibarua wa baba yake, na kibarua akipata nauli huondoka.

Pili, mibuni isikatwe yote kwa mkupuo. Ikikatwa robo kila mwaka, nyumba haitakosa kahawa ya kuuza.

Tatu, makubaliano yaandikwe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaruhusu hakimiliki ya kimila kuwa na jina zaidi ya moja, na binti ana haki ya kumiliki ardhi sawa na kaka yake.

Mfanyabiashara naye asijione yuko salama. Duka ambalo bei za jumla, wadeni na wadai wote wamo kichwani mwa mwenyewe, hufungwa siku anayolazwa hospitali. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Amweke msaidizi kaunta na daftari mapema, wakati bado anaweza kumsahihisha.

Kwetu tumeanza. Baba amemkabidhi mdogo wangu wa kike mistari sita ya mibuni, na tayari imekatwa. Kahawa ya msimu huu itapungua, na sisi tulio mjini tumekubaliana kufidia pengo hilo kila mwezi. Kumwambia mzee apumzike bila kuchangia ni maneno matupu.

Baba hajastaafu. Hukaa kwenye kigoda akimwonyesha binti yake chipukizi la kubakiza na la kuondoa. Kazi hiyo anaiweza, na hakuna mwingine nyumbani anayeijua kama yeye.